Mtoto wangu ni wa kwanza darasani, ila darasa lina watoto tisa. Nimhamishe?

Mzazi Njiapanda:
Wakuu, habari zenu. Naombeni ushauri, kejeli wekeni pembeni kwa leo.

Mwanangu yuko darasa la tatu kwenye shule ndogo karibu na nyumbani. Darasani wako tisa tu. Kila muhula anashika namba moja au mbili, nami natamba kwa ndugu. Juzi akaja binamu yake, umri uleule, anasoma shule kubwa. Nikawapa gazeti wasome kisa kifupi kwa zamu. Binamu alisoma akamaliza. Wangu alikwama sentensi ya pili, akaanza kubuni maneno kwa kuangalia picha. Kitabu chake cha shule hata hakwami, kumbe kakikariri: nilifunika ukurasa kwa kiganja, akaendelea "kusoma" vilevile!

Walimu ni wachache kuliko madarasa, kwa hiyo wa kwake anashika la tatu na la nne chumba kimoja. Mama yake hataki kusikia habari ya kuhama, anasema pale mtoto anajulikana kwa jina. Matokeo ya shule nayo hayaeleweki, mwaka juzi walikuwa juu kabisa, mwaka jana wakaburuza mkia. Nifanyeje?

Ngumi Jiwe:
Hamisha. Unasubiri nini?

Chaki na Ufutio:
Taratibu, Ngumi. Nimefundisha shule ndogo na kubwa, ngoja nichambue kidogo.

Hayo matokeo ya kupanda na kushuka usiyape uzito sana. Tuseme watahiniwa ni 8 na wastani wao ni 60. Mmoja akiamka na homa, akapata 20 badala ya 60, wastani wa shule unashuka alama 5 nzima. Kwenye shule yenye watahiniwa 80, mtoto huyohuyo anaushusha nusu alama tu. Ndiyo maana shule ndogo utazikuta juu kabisa ya orodha na chini kabisa pia. Hata hiyo namba moja ya mwanao, kati ya tisa, haikuambii anajua nini.

Kuchanganya madarasa mawili si dhambi. Kolombia kuna mfumo wa Escuela Nueva, ulianza miaka ya 1970 kwa ajili ya shule za vijijini za namna hiyo: watoto wana miongozo ya kujisomea hatua kwa hatua, mwalimu anazunguka kuwasaidia. Penye mpangilio unafanya kazi. Pasipo na mpangilio, darasa moja linafundishwa na jingine linanakili ubao mpaka kengele.

Mama Pacha:
Ila uchache wa watoto una faida jamani, tusiubeze. Jimbo la Tennessee, Marekani, walianza jaribio mwaka 1985: wanafunzi waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine madarasa ya 13 hadi 17, wengine ya 22 hadi 25. Wa madarasa madogo walifanya vizuri zaidi kusoma na hesabu.

Njiapanda, achana na ripoti ya muhula. Fungua daftari lake utuambie umeona nini.

Mzazi Njiapanda:
Nimefungua, nimechoka kabisa. La lugha ni kunakili tu, hakuna sentensi hata moja aliyotunga mwenyewe. La hesabu, 42 kutoa 17 kaandika 35. Kapewa tiki!

Chaki na Ufutio:
Hilo kosa la 35 ni la kawaida kwa watoto. Kaona 2 haitoshi kutoa 7, akageuza, akatoa 2 kwenye 7. Hajaelewa kukopa kwenye makumi. Mwalimu akiliona mapema, kwa vijiti na mafungu ya kumi linaisha haraka. Kinachonitisha ni hiyo tiki. Mwenye watoto sitini nitamwelewa akisahihisha kwa kupitisha kalamu. Mwenye tisa, hata ukimwongezea hao wa la nne, ana nafasi ya kumsikiliza kila mtoto akisoma kila siku. Kama hafanyi hivyo, udogo wa shule haumsaidii mwanao chochote.

Nenda na daftari, si kwa shari. Muulize mwalimu la tatu wanafanya nini wakati anafundisha la nne. Mwalimu mkuu naye umuulize nani anapitia kazi za walimu wake. Akianza kukueleza habari za majengo mapya, umeshapata jibu.

Mama Pacha:
Na nyumbani msome kila jioni, kurasa ambazo hajawahi kuziona. Kitabu alichokikariri kifiche.

Mzazi Njiapanda:
Asanteni sana. Jumatatu naenda, nitaomba nikae nyuma ya darasa kipindi kimoja. Kwa binamu nimeuliza pia: darasa la tatu wako sitini na kitu, na anasoma twisheni kila jioni.

Ngumi Jiwe:
Sitini hao wanasoma gazeti lakini 😂

Chaki na Ufutio:
Huyo mmoja anasoma gazeti, Ngumi, na hatujui ni shule au ni twisheni. Njiapanda, huko nako omba ukae nyuma ya darasa kabla hujalipa chochote.