Kikundi cha Ukoo: Mapambo ya Krismasi na Wageni wa Toronto

Upendo (Toronto): Shikamooni wazazi wangu, na ninyi wengine habari za leo. Tiketi tumeshakata, Mungu akipenda tutatua Dar es Salaam katikati ya Desemba, mimi, baba watoto na watoto wenyewe. Msijisumbue kututafutia hoteli, kwa sababu tunachokimbia ni baridi tu, na huku mwezi huo giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Nimeona mti wa plastiki na theluji ya bandia kwa bei nafuu, je, nivilete?

Shangazi Tatu: Marahaba mwanangu. Yaani unaikimbia theluji, kisha unaifungasha kwenye begi? Leta watoto. Mti utakuwa tawi la mvinje, na mapambo tutayatengeneza kwa mikono yetu.

Mama Neema: Wifi, wazo ni zuri, ila vijana wetu hawajui kusuka. Tuanzie wapi?

Shangazi Tatu: Muanzie kwenye kindu, tena mapema, maana kazi hii haitaki haraka. Makuti machanga ya mkindu huanikwa juani mpaka yawe meupe, kisha huchanwa nyuzi nyembamba zenye upana unaolingana. Zisipolingana, ukili, yaani ule ukanda unaosukwa, hupinda na hakuna wa kuunyoosha. Zile za rangi huchemshwa katika sufuria kuukuu pamoja na rangi ya unga, zikigeuzwageuzwa hadi zikolee, halafu hukaushwa kivulini ili jua lisizipaushe. Wakati wa kusuka, zilowesheni kidogo, kwani kindu kavu hukatika. Mimi nitawafundisha kushona vikawa vidogo, mfano wa kawa za kufunikia chakula, vya ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai, vyekundu na kijani, vya kuning'iniza kwenye mti.

Neema: Shikamoo shangazi. Mimi nitaomba vipande vya vitenge vinavyobaki kwa fundi cherehani, nishone ndege na nyota, nizijaze sufi. Mishumaa nilifikiri niimimine katika vifuu vya nazi.

Shangazi Tatu: Marahaba. Vifuu sawa, tena visugue kwa msasa mpaka ving'ae. Mishumaa hapana, kwa joto la Desemba italegea kabla hujaiwasha, na mvinje ukikauka hushika moto upesi. Weka taa ndogo za betri.

Baba Neema: Na matembezi je? Wageni hawatoki Kanada kuja kutazama vifuu. Mimi napendekeza Zanzibar.

Mjomba Selemani: Shemeji, wiki ya Krismasi na mwaka mpya hoteli za Zanzibar hujaa na bei hupaa. Tuwapeleke Mbudya: tunapanda boti Kunduchi asubuhi, tunakula samaki wa kukaanga huko huko kisiwani, jioni tuko nyumbani. Siku nitaichagua mimi baada ya kuuangalia mwezi, kwa kuwa wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hupwa sana, boti husimama mbali na watu hulazimika kuifuata kwa miguu huku wamejitwika vyombo. Jambo moja nawaomba wazazi wa watoto: asiokotwe kombe wala tumbawe hata kama mtu anataka pambo la mti, kwani kisiwa hicho kimo ndani ya hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975.

Upendo (Toronto): Mbudya inatutosha kabisa, mjomba. Shangazi, naomba watoto nao washone vikawa vyao wenyewe, tuje navyo huku. Vitu vya mimea hutakiwa kutajwa kwa maofisa wa forodha uwanjani, kwa hiyo nitavifunga pamoja mahali pa kufunguka kwa urahisi.

Shangazi Tatu: Basi viwe vikavu kabisa na visiwe na mdudu. Nitawasukia pia vipepeo vya mkono, kwa sababu umeme ukikatika usiku wa Krismasi mtaniona wa maana.

Mama Neema: Jumamosi hii basi tukutane kwangu baada ya saa nane. Baba Neema anaweza kupitia Kariakoo kununua rangi.

Shangazi Tatu: Rangi nitanunua mwenyewe. Kaka yangu ukimtuma nyekundu hukuletea waridi, na hoja ya kuitetea anayo tayari.