Mjadala: silaha ikipunguzwa nguvu, madini tuliyotumia kuipandisha yarudi au yapotee?

Wadau wa Clash of Clans, gemu la simu la kujenga kijiji na kuvamia vya wenzako, wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, hili jambo tulijadili mpaka tulimalize maana kwenye klani yetu, yaani kundi letu la wachezaji, limeshafika pabaya, watu wananuniana na wawili wameshatoka. Lilianza pale kaka mmoja wa Kihesa aliposema gemu la mtandaoni lazima liguswe kila mara, hiki kinapunguzwa kile kinaongezwa, na anayelia silaha yake kupunguzwa nguvu ni mtu anayetaka kushinda bila kutumia akili. Nusu ya kwanza nakubali. Hiyo ya pili naipinga mpaka kesho.

Kwa mliopotea kitambo, zamani uwezo wa shujaa ulikuwa unapanda wenyewe tu, mfano shujaa Barbarian King akifika levo 5, 10, 15 anaongezewa, hakuna cha kuchagua. Desemba 2023 Supercell, wenye gemu, wakaufumua mfumo wote. Ikaja Blacksmith, jengo la mhunzi, kuanzia Town Hall 8 (Town Hall ni jengo kuu linaloonyesha kijiji kimefika wapi), kila shujaa anabeba silaha mbili unazomchagulia mwenyewe na kila silaha inapandishwa kivyake kwa madini, yaani Shiny, Glowy na Starry. Za kawaida zinaishia levo 18, za Epic, yaani za daraja la juu, kama Giant Gauntlet zinakwenda mpaka 27. Mimi niliyapenda haya mabadiliko na bado nayapenda, maana sasa watu wawili wenye shujaa Archer Queen wa levo moja wanaweza kupiga vita tofauti kabisa, halafu ukiwa na madini unabonyeza silaha inapanda hapo hapo, hakuna kusubiri bilda, yule fundi wa kijiji.

Shida iko kwenye hayo madini. Dhahabu na elixir siku hizi si tatizo, gharama ya kuandaa jeshi waliiondoa 2022, na Machi 2025 wakaondoa na muda wa kusubiri, kwa hiyo mtu anaweza kuvamia tangu asubuhi mpaka bando liishe. Ila madini huwezi kwenda kuyachota tu kwenye kijiji cha mtu. Unayapata kidogo kidogo kwenye bonasi ya nyota ya siku, kwenye vita vya klani ambako mkishindwa mnapata pungufu, kwenye matukio yanayokuja na kuondoka, au ununue. Starry ndo usiseme, inahitajika kwa silaha za Epic tu na inaingia kwa kudonoka.

Sasa tuna mwenzetu dereva wa bajaji pale Kabwe, vita anapiga akiwa foleni anasubiri abiria, simu mkono mmoja, abiria akitokea katikati ya shambulizi basi tena nyota moja hiyo. Madini yake karibu yote yapo kwenye Giant Gauntlet kwa sababu hakuwa na ya kugawa. Siku wakisema silaha hiyo imezidi wakaishusha, mwenye hela atanunua madini apandishe nyingine jioni hiyo hiyo, huyu wa bajaji anarudi kuanza miezi ya kudunduliza. Kaka wa Kihesa, hapo akili inamsaidiaje? Ni sawa na mkulima wa viazi Uporoto ameshavuna na kupakia halafu mnunuzi anakuja kubadili kipimo cha gunia.

Sipingi kupunguza. Dada wetu wa Makambako alipendekeza wasipunguze chochote, waongeze tu zile dhaifu, na wazo linavutia kweli, lakini dada angu ukiongeza kila siku washambuliaji wanazidi kuta na mizinga, itabidi wapandishe na ulinzi, na atakayeumia kwanza ni mwenye Town Hall ndogo ambaye hana silaha wala hajamaliza kuta. Kupunguza lazima kuwepo. Ninachodai ni aliyewekeza arudishiwe.

Na msiniambie haiwezekani. Hearthstone, gemu la kadi la Blizzard, wanafanya hivyo miaka sasa: kadi ikipunguzwa nguvu unapewa kama wiki mbili za kuivunja na kurudishiwa thamani yake yote. Kadi ya Legendary, ya daraja la juu kabisa, kuitengeneza ni vumbi 1,600, hilo vumbi ndo sarafu yao ya kutengenezea kadi, ukiivunja siku za kawaida unapata 400 tu, ila ikiwa imepunguzwa unarudishiwa 1,600 zote. Gemu halijafa na mabadiliko wanayafanya mara nyingi bila kuogopa, kwa sababu mchezaji anajua hatadhulumiwa.

Kuna aliyejibu kwamba wakirudisha, wote tutahamia silaha moja mpya siku hiyo hiyo na vita vitafanana. Hoja nzuri hiyo, ila kuhama tunahama hata sasa, tofauti ni kwamba wanaohama leo ni wenye hela peke yao. Kama ni woga wa vurugu waweke masharti, irudishwe kwa silaha iliyoguswa tu, kwa siku chache, na kama yote ni mengi basi angalau Starry na Glowy, hiyo Shiny nipo tayari kuwaachia.

Nataka kusikia hasa kutoka kwenu mlio Town Hall 10 kushuka chini, maana madini yanawabana nyie kuliko sisi na tangu juzi hamjasema neno. Kaka wa Kihesa na wewe njoo, ila uje na jibu la yule wa bajaji.