Naomba ushauri: ninauziwa jogoo anayedaiwa kuwa kuku mwitu halisi

Mfugaji_Muheza: Ndugu wafugaji, ninafuga kuku wa kienyeji, wengi wao wakiwa na damu ya kuchi, ile aina ya kuku warefu. Kuna mtu anayeniuzia jogoo mwekundu mwenye mkia mweusi na miguu ya njano, kwa bei ya majogoo watatu, akidai kuwa ni uzao wa kuku mwitu wa Asia, babu wa kuku wote. Ninataka vifaranga wastahimilivu wa magonjwa na tetea watagaji. Je, nimnunue?

Babu_Tetea: Miguu hiyo ndiyo inayonitia shaka. Kuku mwitu mwekundu, ambaye makazi yake ni misitu ya kuanzia India hadi Indonesia, ana miguu ya kijivu. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba unjano wa ngozi ya kuku wetu ulitoka kwa jamaa yake, kuku mwitu wa kijivu wa India. Muulize pia kama manyoya marefu ya shingoni hupukutika baada ya msimu wa kuzaliana na kuota mengine meusi, kwa sababu jogoo wa msituni hubadilika hivyo. Mwambie akuonyeshe na mama wa jogoo huyo, kwani tetea wa msituni karibu hana kilemba.

Mama Vifaranga: Hata angekuwa halisi, kaka yangu, ungepata nini? Tetea wa msituni hutaga mayai manne hadi sita hivi, akaatamia, na jogoo wake ana uzito wa takriban kilo moja tu. Wingi wa mayai unaoutafuta umetokana na uteuzi wa wafugaji tangu enzi za mashamba ya mpunga na mtama kule Ban Non Wat, Thailand, ambako mifupa ya kuku wa kufugwa ni ya kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Kuhusu kideri (ugonjwa wa Newcastle), tegemea chanjo ya matone ya jicho kila baada ya miezi mitatu, si ukoo.

Babu_Tetea: Ninakubaliana na dada. Hata hivyo, ikiwa majogoo wako wote ni wa uzao mmoja, damu ngeni itakusaidia. Basi mnunue kwa bei ya jogoo wa kawaida, baada ya kumtenga wiki mbili.

Mfugaji_Muheza: Ahsanteni. Nitaomba kumwona mama wa jogoo kwanza, na bei ya majogoo watatu siitoi.