Naombeni ushauri: valvu nne za amplifaya, EL34 za Mullard (chapa ya zamani ya Uingereza), nichukue au niache?

SikioZito: Wakuu, niko huku Marekani, nina amplifaya ya valvu, Dynaco Stereo 70, ile ya EL34 nne. Upande wa kulia unakwaruza. Kuna jamaa anauza EL34 nne za Mullard, anasema zimepimwa na zinalingana. Nitajuaje ni Mullard kweli? Anataka jibu leo.

FundiGridi: Nembo na boksi usiviamini, rangi hupakwa upya. Angalia kioo karibu na kitako, kuna msimbo wa kijivu uliochorwa kwenye kioo chenyewe. Mstari wa juu ni xf1 hadi xf4, alama ya EL34 na toleo lake. Chini yake, mfano B5D3: B ni kiwanda cha Blackburn, 5 tarakimu ya mwisho ya mwaka, D mwezi wa nne, 3 wiki. Geta (lile doa la rangi ya fedha ndani ya kioo) ikiwa nyeupe badala ya kung'aa, hewa imeingia, hiyo imekufa.

MamaAsha: Mwanangu, hiyo ni hela ya kodi ya nyumba. JJ wa Slovakia wanatengeneza EL34 mpya, zinauzwa nne nne zikiwa zimeshalinganishwa. Chukua hizo, chenji weka akiba.

SikioZito: Shukrani mama, ila naitaka sauti ya Mullard. Mbili zina xf2, mbili msimbo hausomeki.

Kengele: Zinalingana kwa kipimo gani? Akupe volti za anodi (bamba linalopokea umeme ndani ya valvu), volti za gridi (wavu unaoudhibiti umeme huo) na miliampea za kila moja. Tofauti isizidi asilimia 5. Stereo 70 valvu mbili za upande mmoja zinatumia bayasi moja (volti hasi ya gridi inayopanga mkondo wa valvu): unasoma volti 1.56 kwenye rezista ya omu 15.6, yaani miliampea 100 kwa zote mbili. Moja ikivuta 65 na mwenzake 35, mita bado itasoma 1.56, na hiyo ya 65 kwa volti 415 inabeba karibu wati 27 wakati kikomo chake ni 25. Sasa sema kweli, huko kulia unaona nini zaidi ya kukwaruza?

SikioZito: Anodi ya moja inakuwa nyekundu baada ya dakika kumi hivi. Kidogo tu, mpaka uzime taa ya chumbani. Ndiyo maana nimeshalipa nusu, hizi zimechoka. ECC83, valvu ndogo za mbele, ziko sawa.

MzeeSoketi: ECC83? Stereo 70 ya kiwandani mbele ina valvu za 7199 mbili, siyo ECC83. Uzi wa kutunga huu, mods fungeni.

SikioZito: Situngi mkuu, niliinunua ikiwa na bodi hiyo.

FundiGridi: Inawezekana kabisa. 7199 ziliadimika, bodi nyingi zikabadilishwa. SikioZito, usichomeke Mullard yoyote humo kwanza! Zima, acha kapasita (vihifadhi umeme) ziishiwe chaji, badilishana valvu mbili za kulia. Wekundu ukihama na valvu, valvu ndiyo mbovu. Ukibaki soketi ileile, ng'oa hizo mbili, spika ziache zimeunganishwa, washa kwa muda mfupi upime pini namba 5 (ya gridi) ya soketi zote mbili dhidi ya chasisi (fremu ya chuma). Zote ziwe hasi na zilingane. Yenye hasi pungufu, kapasita inayotoka bodi ya mbele inavujisha umeme kwenye gridi. Pima kwa mkono mmoja tu, humo kuna zaidi ya volti 400.

SikioZito: Wekundu umebaki soketi ileile. Pini 5 moja hasi 34, nyingine hasi 19.

Kengele: Kapasita hiyo. Badilisha zote nne, thamani ileile, volti 600. Muuzaji mwambie unataka namba za miliampea kabla ya nusu ya pili.