Kalamu ya kubeba kila siku: ni kampuni gani hutengeneza inayodumu kweli?

Mpimaji

Wakuu, salamu kwenu nyote. Naomba ushauri kuhusu kalamu ya kubeba mfukoni kila siku, yaani ile ambayo mtu anaitoa asubuhi, anaandika nayo akiwa amesimama, anairudisha mfukoni pamoja na funguo na simu, na jioni bado inaandika vilevile. Kazi yangu ni kupima na kunukuu vipimo nje, mara nyingi daftari likiwa limeegemezwa ukutani, na wakati mwingine karatasi ikiwa imeshika unyevu. Kalamu za kawaida za plastiki huniharibikia kwa mtindo uleule: kibanio hukatika kwanza, kisha kibonyezo hulegea na ncha haikai nje ninapoandika. Zile za wino wa jeli nazo hugoma mara tu zinapoanguka sakafuni.

Nimesoma habari za Fisher Space Pen, Parker Jotter, Zebra F-701, Rotring 600 na Caran d'Ache 849. Zote zinasifiwa kwa uimara, lakini sifa nyingi zinahusu chuma kilichotumika na mwonekano wa kalamu, na sijaona aliyeeleza ni nini hasa kinachoifanya idumu. Kati ya hizo, ipi inafaa kazi ya namna hii, na kwa sababu gani?

Karani wa Masjala

Ndugu Mpimaji, mimi ningekushauri uanze na mrija wa wino ulio ndani, na mwili wa kalamu uje baadaye. Mwili wa chuma unaweza kukaa miaka na miaka, lakini mrija utaisha tu, na siku hiyo utataka kujua kama unapatikana mwingine wa kuuweka mahali pake, hata ukiwa wa kampuni nyingine. Hapo ndipo Parker wanapowazidi wengi. Jotter ilitoka mwaka 1954, na umbo la mrija wa Parker, wenye urefu wa karibu milimita 98, limefuatwa na watengenezaji wengi kiasi kwamba leo linatambuliwa katika viwango vya kimataifa vya ISO kwa alama ya G2. Kalamu yoyote inayopokea umbo hilo, Rotring 600 ikiwemo, unaweza kuitia mrija wa Parker wenyewe, wa Schmidt, wa Uni au wa Fisher. Jihadhari na jambo moja tu unaponunua: Pilot wana kalamu ya jeli inayoitwa G2, na mrija wake ni wa umbo jingine kabisa, hauingii humo.

Zebra F-701 na Caran d'Ache 849 hutumia mirija ya kampuni zao. Kwa Caran d'Ache hilo halinisumbui sana, kwa kuwa mrija wao uitwao Goliath hutajwa na kampuni kuwa unaandika hadi kurasa 600 za A4, na mwandiko wake ni laini kweli. Lakini ukiukosa pale ulipo, kalamu nzima imelala.

Sasa nije kwenye kuandika ukutani, maana hilo ndilo linaloamua shauri lako. Mrija wa kawaida uko wazi kwa nyuma. Wino ni mzito, wa mafuta, na unashuka kwa uzito wake hadi kwenye gololi iliyo nchani, ambayo huzunguka na kuupaka kwenye karatasi. Ukiandika ncha ikiwa juu kuliko mrija, wino hausogei tena mbele, hewa inaingia penye gololi, na mstari unafifia hadi unakatika. Ukiigeuza kalamu chini, itakuchukua muda wa kuchora mizunguko pembeni mwa ukurasa kabla wino haujarudi. Paul Fisher wa Marekani alilitatua tatizo hili kwa mrija uliozibwa pande zote na kujazwa gesi ya nitrojeni yenye shinikizo la zaidi ya mara mbili ya hewa ya kawaida. Wino wake ni mzito kama ute ulioganda na hulainika pale tu gololi inapousugua, kwa hiyo gesi inausukuma lakini haumwagiki. Kalamu yake ilisafiri angani na Apollo 7 mwezi Oktoba 1968, na kampuni inasema huandika kuanzia nyuzi 35 chini ya sifuri hadi 120 juu yake, kwa kipimo cha Selsiasi. Karatasi yenye unyevu nayo hushika wino huo.

Kwa hiyo si lazima ununue kalamu ya Fisher. Chukua mwili wowote wa G2 unaokukaa vizuri mkononi, kisha uutie mrija wa Fisher. Mrija huo huja na kifuniko kidogo cha plastiki cha kuvalisha nyuma ili ulingane na umbo la Parker, nawe usikitupe, kwa sababu bila hicho kibonyezo hakitaufikia.

Fundi Vyuma

Aliyosema Karani kuhusu mrija nayaunga mkono yote. Ila mwili nao haufai kuachwa uwe wa "kukaa vizuri mkononi" tu, maana Mpimaji amelalamikia kibanio na kibonyezo, na hivyo si mambo ya wino.

Watu hupima uimara kwa uzito, na hapo hujidanganya. Shaba ya njano ina uzito wa karibu gramu 8.5 kwa sentimita moja ya ujazo, chuma cha pua karibu 8, titani 4.5, na alumini 2.7. Kalamu nzito inapoponyoka mkononi hutua kwa nguvu zaidi, na mara nyingi hutangulia ncha. Ukiitazama ncha kwa lenzi utaona gololi imekaa ndani ya kikombe cha chuma ambacho ukingo wake umekunjwa ndani kidogo tu kuizuia isitoke. Ukingo huo ukibonyea hata kwa unene wa unywele, gololi hukwama au huacha wino utoke upande mmoja. Hakuna mwili wa chuma, uwe wa bei gani, unaoweza kuuokoa. Rudisha ncha ndani kila unapoacha kuandika, hata kama ni kwa muda wa kugeuza ukurasa, na kalamu zako za jeli nazo zitapona.

Unapochagua, ifungue kalamu na uangalie hesi, pale nusu mbili zinapokutana. Kalamu nyingi za chuma zina hesi ya plastiki ndani, na hiyo ndiyo huchakaa kwanza, kwa sababu chuma kinaisaga kila unapokaza. Tafuta chuma kwa chuma. Kwa Jotter maana yake ni kuchukua ile ya chuma cha pua tupu, si ile ya kawaida yenye nusu ya chini ya plastiki. Kisha kinyanyue kibanio kwa kidole gumba na ukiachie: kikirudi palepale kwa nguvu, ni cha chuma chenye asili ya springi, na kitakaa.

Rotring 600 naipenda sana, na ningeitaja ya kwanza kama ungekuwa unaandika mezani. Mwili wake ni wa shaba ya njano uliopakwa rangi, una pande sita kwa hiyo haubingiriki, na sehemu ya kushikia imechongwa mikato midogo ambayo haitelezi hata mkono ukiwa na jasho. Lakini mikato hiyohiyo husugua kitambaa cha mfuko kila unapoitoa na kuirudisha. Rangi hubanduka kwenye pembe na shaba ikaonekana, jambo ambalo halipunguzi nguvu zake hata kidogo.

Ile Fisher ndogo iitwayo Bullet, iliyobuniwa mwaka 1948, haina kibonyezo wala springi. Ikifungwa ina urefu wa sentimita 9.5 hivi, ikifunguliwa na kifuniko kuvalishwa nyuma hufika 13.5. Kwa mfuko wenye funguo sioni inayoishinda. Ila kuifungua kunataka mikono miwili, na mtu anayepima kwa kawaida ana mkono mmoja tu ulio huru.

Mwalimu wa Fizikia

Ndugu zangu, mimi ninaona mmeiruka kalamu iliyothibitishwa kuliko zote, Bic Cristal. Ilitoka Ufaransa mwaka 1950, na kufikia 2006 kampuni ilikuwa imeuza bilioni 100. Haina springi wala kibonyezo wala hesi, kwa hiyo sehemu zile zote ambazo Fundi ametufundisha kuzikagua hazimo. Gololi yake ni ya tangsteni kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha pua. Mwili ni wa kuona hadi ndani, nawe unajua mapema kwamba wino unakaribia kuisha, jambo ambalo kalamu zenu zote za chuma hazikuambii. Na ikipotea, umepoteza kitu kidogo. Kwa mtu wa kazi za nje, kalamu hupotea mara nyingi kuliko inavyovunjika.

Fundi Vyuma

Hoja ya kupotea ni ya kweli, Mwalimu, na siipingi. Lakini Cristal ina mrija ulio wazi kwa nyuma kama ilivyo mingine ya kawaida, kwa hiyo ukutani itagoma, na kibanio chake kimeungana na kifuniko cha plastiki, kitu kilekile kinachomkatikia Mpimaji. Mezani na darasani nitaitetea pamoja nawe.

Mpimaji

Nawashukuru sana. Nimeelekea kwenye Jotter ya chuma cha pua tupu pamoja na mrija wa Fisher. Yamebaki mawili. Vipimo vyangu huhifadhiwa miaka mingi, je, wino huo utabaki kusomeka? Na nichukue ncha nyembamba au ya kati?

Karani wa Masjala

Kuhusu kuhifadhi, kipo kiwango cha ISO 12757-2 kwa ajili ya mirija ya wino wa mafuta inayokusudiwa nyaraka. Wino hupimwa kama unastahimili mwanga, maji, pombe na kufutwa. Mrija uliopita majaribio hayo huwa umechapwa namba hiyo au herufi DOC ubavuni, nawe tafuta maandishi hayo kwenye mrija wenyewe kabla ya kununua. Kwa jumla, wino wa mafuta hauchuruziki ukilowa, tofauti na jeli nyingi za maji.

Chukua ncha ya kati. Ncha nyembamba huchimba karatasi iliyolowa na kuokota nyuzi zake, na nyuzi zikikusanyika penye gololi mstari huanza kurukaruka. Kwa kuwa gesi inausukuma wino wakati wote, mirija yenye shinikizo hukusanya tone dogo nchani kalamu ikikaa bila kazi, kwa hiyo ipanguse kwenye kipande cha karatasi kabla ya kuandika tarakimu ya kwanza, hasa kama ni tarakimu yenye desimali.