Deputi kakaa darasani dakika 12 akichezea simu, kisha kanishusha maksi za TPAD

Wadau naandika nikiwa kwa feri hapa Likoni na hasira zimenijaa, mkiona herufi zimerukaruka nisameheni.

Mie ni mwalimu wa JSS (sekondari ya chini hapa Kenya), gredi ya 8, watoto 71 darasa moja, madawati wanabanana wannewanne. Juzi deputi, naibu wa mwalimu mkuu, kaja kuangalia somo langu kwa ajili ya hiyo TPAD, ule ukaguzi wa utendaji wa walimu wa TSC, tume ya walimu. Kaingia somo lishaanza, kakaa nyuma, dakika kama 12 hivi macho yako kwa simu, kisha huyoo kaondoka. Hakuuliza kitu. Usiku nafungua sistimu nakuta kanishusha, ati situmii vifaa vya kufundishia. Chati nimenunua kwa pesa zangu, zilikuwa zimebandikwa ukutani nyuma ya kichwa chake!

Na si ati naogopa kukaguliwa. Hii kitu ilipoletwa 2016 walimu waliambiwa ni ya kuwasaidia, unajipa maksi mwenyewe kwanza, kisha unakaa na anayekukagua mnazungumza, penye pengo unasaidiwa. Haya, nani hapa ashawahi kukalishwa chini akaelezwa? Kwetu ni mwisho wa muhula watu wanakesha wanagombania bando, picha za skimu (mipango ya masomo) ziaplodiwe, kisha kimya mpaka muhula ujao. Nimeshindwa wapi hata sijui.

Halafu kinachoniuma zaidi wallahi, hayahaya tunawafanyia watoto. Nina kijana mmoja, mamake anauza mahamri, siku ya kuleta mradi wa KNEC, baraza la mitihani, kaja mikono mitupu, vifaa hakuwa na hela ya kununua. Mtoto huyo muulize, atakueleza hatua zote tangu mwanzo hadi mwisho, kuwashinda wale walioletewa kazi imetengenezwa na fundi wa mtaani (jamani wazazi, tunaziona, msidhani hatuzioni). Lakini rubriki, ule mwongozo wa kutoa maksi, inataka kitu cha kushikika. Wa fundi wakapata EE (wamezidi matarajio), yeye nikamwandikia BE (chini ya matarajio), kwa penseli. Na alama hizo za gredi ya 7 na 8 ni asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ya KJSEA, mtihani wa kumaliza gredi ya 9, si mchezo. Kaniuliza, "Ticha, nimekosea wapi?" nikajifanya natafuta kalamu.

Leo asubuhi nikamfuata deputi ofisini, nikamwambia bwana tukae basi unionyeshe hilo kosa. Hata kichwa hakuinua. "Mwalimu wewe kubali tu, sistimu inafungwa Ijumaa."

Sijakubali. Walimu wa Kisauni, Changamwe, Jomvu, kuna mtu ashawahi kugoma kukubali hizo maksi? Yalimpata yapi? Na yule kijana nataka arudie mradi kabla sijaaplodi, nimeshaomba maboksi kwa duka la Mpemba hapo mtaani, gundi nitanunua mie. Kama kuna mtu ana waya na betri kuukuu, niko Likoni, nitazifuata mwenyewe.