Mrejesho: Bwawa linalopungua maji, ufa umepatikana

Wakuu, asanteni. Niliuliza kwa nini bwawa la kuogelea la mita 8 kwa 4 linashuka milimita 30 kwa siku. Ndoo ya maji niliyoiweka kwenye ngazi ya bwawa ilishuka milimita 6 tu kwa saa 24. Hilo ni jua na upepo. Milimita 24 zilizobaki ni lita 768 zinazovuja kwa siku, na bili mnaijua. Nikazima pampu: maji yakashuka hadi usawa wa chini wa mdomo wa skima (tundu la ukutani linalonyonya uchafu wa juu ya maji), yakagoma hapo. Nikaongeza maji, yakatulia, nikadondosha rangi ya chakula kwa bomba la sindano. Uzi mwekundu ukanyonywa palepale, kati ya plastiki ya skima na zege la ukuta. Nimekwangua, nimeziba kwa gundi ya epoksi inayogandia majini. Sasa ndoo na bwawa vinashuka sawa.